Lango la Seli: Jinsi Mwili Unavyoamua Kukua au Kungoja

Kila anayekanda unga wa maandazi anafahamu kwamba hamira haiamki mpaka ipate inachokitaka. Ikiwa kavu ndani ya pakiti hukaa miezi mingi bila kubadilika. Ikitiwa katika maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, baada ya dakika chache huanza kutoa povu, na donge la unga huumuka. Kuumuka huko ni hewa tu inayotolewa na seli zinazokula. Nyuma ya kula huko, hata hivyo, kuna jambo tusiloliuliza jikoni: seli moja ya hamira, isiyo na ubongo wala jicho wala ulimi, hujuaje kwamba chakula kimefika? Na ikishajua, ni nini ndani yake kinachotoa amri kwamba sasa ni wakati wa kukua, na si wakati wa kujibana na kungoja?

Swali hilo lilipata jibu lake la kwanza katika mji wa Basel, nchini Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika maabara ya mwanasayansi Michael Hall. Alilipata kwa kutumia hamira ileile ya mikate. Tangu hapo imedhihirika kwamba utaratibu unaoiongoza hamira ndio unaoziongoza pia seli za binadamu, na kwamba unahusika na mambo ambayo wengi wetu tunakutana nayo kliniki bila kuyaunganisha: mgonjwa aliyepandikizwa figo, mama mwenye kisukari, mtoto mwenye kifafa na mabaka meupe ya ngozi, na mtoto mwingine asiyeongezeka kimo ingawa mama yake anaapa kwamba anakula na kushiba.

Udongo wa kisiwa cha mbali

Ugunduzi wa Hall ulitanguliwa na dawa, na dawa hiyo ilitoka ardhini. Mwishoni mwa mwaka 1964 msafara wa wataalamu kutoka Kanada ulielekea Rapa Nui, kisiwa cha Chile kilicho peke yake katika Bahari ya Pasifiki, umbali wa zaidi ya kilomita 3,500 kutoka bara. Walichukua vipimo vya afya vya wakazi, wakachukua na sampuli za udongo. Baadhi ya sampuli hizo zilifika katika maabara ya kampuni ya dawa ya Ayerst huko Montreal, ambako Suren Sehgal na wenzake walitenga bakteria aina ya Streptomyces hygroscopicus. Bakteria hao walitengeneza kemikali iliyoua fangasi. Sehgal aliiita rapamisini, kwa heshima ya jina la kisiwa, na taarifa zake zikachapishwa mwaka 1975.

Kama dawa ya fangasi, rapamisini ilikuwa na kasoro kubwa: ilidhoofisha kinga ya mwili. Mgonjwa wa fangasi hahitaji dawa ya namna hiyo. Kampuni ilipofunga maabara yake ya Montreal mwanzoni mwa miaka ya 1980, mradi ulisimama, na Sehgal akahifadhi kiasi cha bakteria wake kwenye friza ya nyumbani kwake. Miaka michache baadaye wataalamu wa upandikizaji wa viungo walikuwa wakitafuta kwa udi na uvumba dawa za kuzuia mwili usikikatae kiungo kipya. Kasoro ikageuka kuwa sifa. Mwaka 1999 Marekani iliidhinisha rapamisini, kwa jina la kitabibu la sirolimasi, itumike kwa waliopandikizwa figo. (Swali la fungu la wenyeji wa Rapa Nui katika utajiri uliotokana na udongo wao bado linaulizwa hadi leo, na sisi tuliozoea kuona sampuli za mito na misitu yetu zikisafirishwa tuna kila sababu ya kulifuatilia.)

Miaka kadhaa kabla ya idhini hiyo, hata hivyo, hakuna aliyejua dawa hii inafanya nini hasa ndani ya seli. Hapo ndipo Hall anapoingia.

Seli zenye njaa katikati ya chakula

Hall alizaliwa Puerto Rico mwaka 1953, akakulia Venezuela na Peru, akasoma Marekani, na mwaka 1987 akahamia katika taasisi ya Biozentrum ya Chuo Kikuu cha Basel. Mwanzoni alikuwa akichunguza namna protini zinavyoingia katika kiini cha seli. Maabara yake ilipata bahati ya kuwa na kijana mtafiti aliyetoka Marekani, Joseph Heitman, na jirani katika mji huohuo, Rao Movva, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya dawa ya Sandoz na kuwa na rapamisini mkononi. Wakaamua kuijaribu dawa hiyo kwa hamira.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza. Ukisambaza mamilioni ya seli za hamira juu ya chakula kilichotiwa rapamisini, karibu zote husimama. Wachache sana, ambao jeni zao zimebadilika kwa bahati, huendelea kukua kana kwamba dawa haipo. Ukitafuta ni jeni ipi iliyobadilika katika hao wachache, umepata sehemu ambayo dawa huishika. Mwaka 1991 watatu hao walitangaza jeni mbili mpya, wakaziita TOR1 na TOR2. Herufi hizo ni kifupisho cha Kiingereza chenye maana ya shabaha ya rapamisini. Lakini neno Tor kwa Kijerumani ni lango, na Basel ina lango la kale la mji, Spalentor, ambalo watafiti wale walilifahamu vyema. Jina lilikaa, na kwa maoni yangu ni nadra sana katika biokemia kupata jina linaloeleza kazi ya kitu vizuri namna hii. Miaka mitatu baadaye maabara kadhaa nchini Marekani zilipata protini ileile kwa mamalia, akiwemo binadamu. Leo huitwa mTOR.

Lililokuwa jipya zaidi lilikuja mwaka 1996. Hall na wenzake walionyesha kwamba hamira iliyonyimwa TOR hufanya kila kinachofanywa na hamira iliyonyimwa chakula: hupunguza utengenezaji wa protini, husimamisha mzunguko wa seli, hujikusanyia akiba na kujiandaa kwa siku ngumu. Chakula kimeizunguka pande zote, nayo inaishi kana kwamba ni kiangazi.

Uzito wa jambo hili hauonekani mara moja. Kabla ya hapo wanabiolojia wengi waliona kukua kwa seli kuwa jambo linalojiendea lenyewe: chakula kikiwapo, seli itakua, kama ndoo inavyojaa maji chini ya bomba. Walichunguza kwa makini jinsi seli inavyogawanyika, lakini kuongezeka kwake ukubwa hakukuonekana kuwa na mwamuzi. Hall alionyesha kwamba mwamuzi yupo. Chakula peke yake hakikuzi seli. Hukuza pale tu seli inapopokea taarifa kwamba chakula kipo na kulifungua lango.

Makufuli mawili

TOR ni kimeng'enya, yaani protini inayochochea kazi ndani ya seli. Kazi yake ni kubandika kemikali ya fosfeti kwenye protini nyingine, na kwa kufanya hivyo huziamsha au huzilaza. Mwaka 2002 maabara ya Hall ilionyesha kwamba TOR hufanya kazi katika makundi mawili tofauti ya protini. Kundi la kwanza, mTORC1, ndilo linalozuiwa kwa haraka na rapamisini na ndilo linalosimamia ukuaji. Kundi la pili, mTORC2, lina kazi nyingine, ikiwemo kusaidia insulini kutuma ujumbe wake. Msomaji akumbuke kundi hili la pili, kwa kuwa tutalihitaji tutakapozungumzia madhara ya dawa.

Namna mTORC1 inavyofunguliwa imefafanuliwa na maabara nyingi kwa zaidi ya miaka 20. Tuchukue mfano wa lango lenye makufuli mawili, na funguo zake zimeshikwa na watu wawili wasiotoka nyumba moja. Ufunguo wa kwanza umeshikwa na asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini. Zikiwemo za kutosha ndani ya seli, hasa lusini na ajinini, mTORC1 huitwa na kusogezwa hadi kwenye uso wa lisosomu, kifuko kidogo kinachosaga na kurejeleza vitu ndani ya seli. Zisipokuwepo, hubaki ikielea mbali, wala haifiki langoni. Ufunguo wa pili umeshikwa na insulini na homoni nyingine za ukuaji. Hizo huiondoa protini iitwayo TSC, ambayo kwa kawaida husimama kama mlinzi na kuzuia lango lisiguswe.

Funguo zote mbili zikikutana, lango hufunguka: seli hutengeneza protini, mafuta na viini vya jeni, na huongezeka. Wakati huohuo husimamisha kazi ya kujila yenyewe, ile ya kusaga sehemu zake zilizochakaa ili kupata malighafi, ambayo ilimpatia Yoshinori Ohsumi wa Japani Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Nishati ya seli ikipungua, mlinzi hurudi na lango hufungwa hata kama funguo zingalipo.

Jambo la kushikilia hapa ni moja. Insulini peke yake, bila asidi amino, haifungui.

Lango lisilofungwa

Mwili wetu uliumbwa kwa kupokezana kula na kungoja. Lango hufunguka baada ya mlo na kufungwa katikati ya milo na usiku. Mtu anayekula mchana kutwa, chai yenye sukari nyingi na vitumbua asubuhi, chipsi na soda mchana, wali na nyama usiku, na kati ya hayo vitafunio, ana lango lililo wazi takribani muda wote. mTORC1 iliyoamshwa mfululizo huamsha kimeng'enya kingine kiitwacho S6K, nacho hurudi nyuma na kudhoofisha mlango uleule ambao insulini huingizia ujumbe wake. Ni kama mwenye nyumba aliyechoka kugongewa hodi anayeamua kuacha kuitika. Kongosho hutoa insulini zaidi, seli huitikia kidogo zaidi, na hali hiyo ndiyo tunayoiita ukinzani wa insulini. Mwaka 2004, watafiti wa Basel, safari hii wa maabara ya George Thomas, walionyesha kwamba panya wasio na S6K hawanenepi kirahisi kwa chakula cha mafuta mengi, na miili yao hubaki sikivu kwa insulini.

Njia hii si sababu pekee ya kisukari cha aina ya pili, na haitoshi kueleza kila mgonjwa. Lakini husaidia kumweleza mgonjwa kwa nini tunamwambia apunguze idadi ya vitafunio na si ukubwa wa sahani peke yake, na kwa nini kutembea kunafaa: misuli inayofanya kazi hutumia nishati, na nishati ikipungua ndani ya seli, mlinzi hurudi langoni. Metifomini, dawa ambayo karibu kila mgonjwa wetu wa kisukari anaifahamu, hufanya kitu kinachofanana na hicho. Hupunguza nishati inayozalishwa katika seli za ini, na miongoni mwa matokeo yake ni kuituliza mTORC1.

Kuna lango lisilofungwa kwa sababu nyingine: mlinzi mwenyewe ameharibika tangu kuzaliwa. Mtoto aliyerithi hitilafu katika mojawapo ya jeni mbili za TSC, au aliyeipata bila mzazi wake kuwa nayo, huota vivimbe visivyo vya saratani katika ubongo, figo, moyo na ngozi. Ugonjwa huu ni wa nadra, lakini mhudumu wa kliniki ya kifafa anapaswa kuzijua dalili zake, kwa kuwa huonekana kwa macho. Mtazame mtoto mwenye kifafa, hasa kilichoanza akiwa mchanga: je, ana mabaka meupe yenye umbo la jani kwenye kiwiliwili au miguu? Je, ana vipele vidogo vigumu kuzunguka pua na mashavuni, ambavyo watu huvidhania chunusi, na ambavyo havitoki kwa dawa za chunusi? Anastahili rufaa na uchunguzi wa ubongo na figo. Dawa ya everolimasi, ndugu ya rapamisini, hupunguza ukubwa wa vivimbe hivyo vya ubongo na figo kwa wagonjwa wengi, kwa sababu inafanya kazi iliyomshinda mlinzi.

Mafanikio hayo yaliwapa watu matumaini makubwa kuhusu saratani, kwa kuwa katika saratani nyingi njia inayoelekea mTORC1 imeharibika na lango limeachwa wazi. Everolimasi iliidhinishwa nchini Marekani kwa saratani ya figo mwaka 2009, na baadaye kwa aina fulani ya saratani ya matiti, ikitolewa pamoja na dawa ya homoni. Matokeo yake ni ya kiasi: mara nyingi huchelewesha ugonjwa kwa miezi bila kuuondoa. Seli ya saratani iliyofungiwa lango hailazimiki kufa. Inaweza kungoja, ikajila polepole, na kutafuta njia nyingine.

Kwa aliyepandikizwa figo

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwaka 2017, na idadi ya Watanzania wanaoishi na figo ya ndugu zao inaongezeka. Wengi wao hutumia takrolimasi pamoja na dawa nyingine. Baadhi huhamishiwa sirolimasi au everolimasi, kwa mfano daktari anapoona takrolimasi inaidhuru figo yenyewe, au mgonjwa anapopata saratani ya ngozi. Dawa hizi huzuia seli za kinga zisiongezeke. Seli ya kinga ikishaitambua figo ngeni, inahitaji kukua na kugawanyika haraka ili kuunda jeshi. Lango likifungwa, jeshi halikui.

Kwa kuwa lango ni lilelile katika kila seli, madhara yake yanaeleweka bila kukariri orodha. Kidonda hupona polepole, kwa hiyo mgonjwa amwambie daktari mapema kabla ya upasuaji wowote, hata ule unaoonekana mdogo. Vidonda vya mdomoni hutokea, kwa sababu ngozi laini ya kinywa hujijenga upya kila siku. Mafuta katika damu hupanda, na pia protini inaweza kuvuja kwenye mkojo. Kikohozi na kupumua kwa shida visichukuliwe moja kwa moja kuwa maambukizi, maana dawa yenyewe inaweza kuyawasha mapafu. Na jambo linalowashangaza wengi: dawa inayozuia mTORC1, ambayo tungetarajia ilinde dhidi ya kisukari, inaweza kukisababisha. Ikitumiwa kwa muda mrefu huvuruga pia lile kundi la pili, mTORC2, ambalo insulini inalihitaji.

Kwa wahudumu wa vituo vya afya, hatari kubwa zaidi ipo kwenye mchanganyiko wa dawa. Rifampisini, msingi wa matibabu ya kifua kikuu, huharakisha uvunjaji wa sirolimasi katika ini na kupunguza kiasi chake mwilini kwa takribani asilimia 80. Mgonjwa aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu bila kituo chake cha upandikizaji kujulishwa anaweza kuipoteza figo. Dawa za kifafa za fenitoini na kabamazepini huelekea upande huohuo. Ketokonazoli, flukonazoli, klarithromaisini na baadhi ya dawa za VVU huelekea upande wa pili: hupandisha kiwango cha dawa hadi kuleta sumu. Hata maji ya balungi hufanya hivyo. Kabla ya kuandika dawa mpya kwa mtu aliyepandikizwa kiungo, simu moja kwa kliniki yake ni ya lazima. Chanjo zenye vijidudu hai asipewe.

Nitaje pia, kwa ufupi, biashara ya maisha marefu. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliolishwa rapamisini kuanzia siku ya 600 ya maisha yao, ambao ni uzee kwa panya, waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Tangu hapo kuna watu wanaonunua vidonge hivi mtandaoni kwa tamaa ya kuahirisha uzee. Hakuna ushahidi kwamba dawa hii imerefusha umri wa binadamu mwenye afya. Maabara ya panya ni safi kuliko mji wowote, na dawa inayoshusha kinga si ya kuchezea katika nchi yenye kifua kikuu.

Mtoto aliyeshiba asiyekua

Nimeacha kwa makusudi suala linaloligusa bara letu zaidi. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 uliwakuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko inavyostahili umri wao. Kenya katika mwaka huohuo walikuwa 18. Udumavu hauonekani kwa jicho la haraka, kwa kuwa mtoto aliyedumaa mara nyingi ana mashavu na anacheza. Huonekana kwenye ubao wa kupimia urefu, na kwenye mfululizo wa vipimo vilivyojazwa katika kadi ya kliniki.

Kwa miaka mingi sera za lishe zililenga nishati, na baadaye vitamini na madini. Protini iliondolewa taratibu katika mazungumzo, kwa hoja kwamba watoto wengi wanapata gramu za kutosha. Biokemia ya lango inatulazimisha kuuliza swali la pili: gramu za protini ipi? Mwili wa binadamu hutumia asidi amino 20, na 9 kati yake hauwezi kuzitengeneza kwa kiasi kinachotosha. Lazima zitoke kwenye chakula. Mahindi yana upungufu wa mbili kati ya hizo 9, lisini na triptofani. Mtoto anayekunywa uji mweupe wa mahindi anapata wanga, wanga unapandisha insulini, na ufunguo wa pili unafika langoni ukiwa peke yake.

Mwaka 2016, Richard Semba na wenzake walichapisha uchunguzi wa damu za watoto 313 wa vijiji vya kusini mwa Malawi, wenye umri wa miezi 12 hadi 59. Asilimia 62 kati yao walikuwa wamedumaa. Waliodumaa walikuwa na kiwango cha chini cha asidi amino zote 9 za lazima, wakilinganishwa na wenzao. Watafiti hao waliitaja mTORC1 waziwazi: huenda vichocheo vya ukuaji katika mifupa, utumbo na misuli vya watoto hawa vinasoma taarifa kwamba huu si wakati wa kukua.

Mimi naiona hoja hii kuwa na nguvu, lakini haijathibitishwa, na uadilifu unatudai tuseme hivyo. Uchunguzi ule ulionyesha mambo mawili yanayoandamana, haukuonyesha kwamba moja limelizaa jingine. Inawezekana pia utumbo ulioathiriwa na maambukizi ya mara kwa mara ndio unaopoteza asidi amino, hata mlo ukiwa mzuri. Majaribio ya mayai yanatuonyesha ugumu huo. Nchini Ecuador, watoto wa miezi 6 hadi 9 waliopewa yai moja kila siku kwa miezi 6 walipata nafuu kubwa ya kimo: udumavu ulipungua kwa asilimia 47, kama ilivyochapishwa mwaka 2017. Jaribio la aina hiyohiyo lilifanywa Mangochi, kando ya Ziwa Malawi, na matokeo yake yalichapishwa baada ya miaka michache: kwa jumla, mayai hayakuongeza kimo. Watafiti walibainisha kwamba watoto wengi wa Mangochi walikuwa tayari wanakula samaki, na udumavu miongoni mwao ulikuwa mdogo kuliko ilivyotarajiwa. Kwa lugha ya makala haya, asiyekosa ufunguo hafaidiki kwa kuongezewa mwingine. Lakini hiyo ni tafsiri yangu, na mwingine anaweza kusema kwamba katika Malawi kufuli lililokwama lilikuwa la maambukizi.

Wakati majibu yanatafutwa, kliniki ya mtoto haiwezi kungoja, na mapendekezo yaliyopo hayahitaji fedha za kigeni. Kande za mahindi na maharage, chakula ambacho wataalamu wa lishe hawakukibuni wao, zina hesabu sahihi: maharage yana lisini ambayo mahindi hayana, na mahindi huziba upungufu wa maharage katika asidi amino zenye salfa. Kwa mtoto wa miezi 8 zipikwe mpaka zilainike kabisa, kisha zipondwe. Dagaa waliokaushwa vizuri, wakachambuliwa na kusagwa, wanatiwa kwenye uji kijiko kimoja kila mlo. Yai likipatikana, apewe mtoto kabla ya mgeni, na hapa mhudumu atahitaji kuzungumza na bibi na baba pia, maana si mama peke yake anayegawa chakula cha nyumba. Maziwa ya mama yaendelee hadi miaka miwili au zaidi. Unga wa lishe unaochanganywa nafaka sita au saba kwa mkupuo mmoja hauna faida ya ziada iwapo zote ni nafaka; nafaka moja na jamii moja ya kunde inatosha, na huharibika kwa taabu zaidi. Karanga zitumike zikiwa zimechambuliwa: zile zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zina sumukuvu, ambayo nayo imehusishwa na udumavu, na kuzikaanga hakuiondoi yote. Zitupwe, wala wasipewe kuku.